Nimemwachia binti yangu mkahawa, sasa nataka kuandika kitabu. Nianzie wapi?

SWALI: Nimeendesha mkahawa hapa Chake Chake kwa miaka 26. Mwaka huu nimemkabidhi binti yangu funguo, miguu haitaki tena kusimama kutwa. Siku zote nikipenda kuandika. Mchana wateja wakipungua nilikuwa naandika kidogo nyuma ya daftari la madeni. Sasa nafasi ninayo, lakini nimeanza kitabu mara tatu na kila mara naishia ukurasa wa 10 hivi. Sijui niandike maisha yangu, mapishi au hadithi ya kubuni. Nimesoma mpaka darasa la saba, na Kiswahili changu ni cha Kipemba. Nina miaka 60. Je, nimechelewa? Kikimalizika nakipeleka wapi? Na binti yangu anataka kuyachoma madaftari ya zamani, yamejaa stoo.

JIBU: Bi Mkubwa, shikamoo. Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo la haraka. Mwambie binti yako asichome hata daftari moja. Yatoeni stoo leo hii. Unyevu, mafuta ya jikoni na mchwa wanatosha kuyamaliza bila ya kiberiti. Yafute vumbi kwa kitambaa kikavu, yapange kwa miaka, kisha mpe mjukuu simu apige picha kila ukurasa. Kazi ifanywe mchana karibu na mlango, bila ya kuwasha taa ya simu, kwani taa hung'aa juu ya karatasi na kuficha maandishi yaliyofifia. Daftari la kwaya mbili lina kurasa 192. Ukipiga kurasa mbili kwa pamoja ni picha 97, kazi ya nusu saa na kidogo. Picha ziwekwe pahala pawili: kwenye flashi nyumbani kwako, na kwa mtu anayeishi nyumba nyengine. Kama zimo risiti za mashine, zile za karatasi laini, hizo zitangulie, kwa sababu maandishi yake hufutika yenyewe kwa joto.

Nayatetea madaftari hayo kwa kuwa ndiyo kitabu chako, angalau nusu yake. Mteja asiye na fedha mkahawani hasemi hana. Husema, "Niandikie." Kwa hivyo kwa miaka 26 umekuwa ukiandika kila siku: nani kala nini, tarehe gani, bei gani, na kalipa baada ya muda gani. Mwandishi mwengine akitaka kujua chai na chapati zilikuwa shilingi ngapi katika mwaka fulani hubidi aulize wazee watatu, kila mmoja ampe jibu lake. Wewe unalo jibu kwa hati yako mwenyewe. Jina likikaa miezi mitano bila ya kukatwa mstari, kisha siku moja likakatwa lote kwa pamoja, hapo pana hadithi, na wewe unaijua.

Umri usikushughulishe. Mshairi Haji Gora Haji alizaliwa Tumbatu mwaka 1933, akaishi kwa kazi za bahari na uchukuzi, na elimu yake ilikuwa ya chuoni, ya Kurani. Diwani yake ya Kimbunga ilichapwa mwaka 1994, naye ana miaka 61. Darasa la saba litakupunguzia kitu kimoja tu, nacho ni uhakika wa tahajia na alama za kituo. Hilo unaweza kumlipa mwalimu wa Kiswahili akusahihishie. Hakuna wa kumlipa akukumbushie jikoni mwako mlikuwa mnazungumza nini saa kumi alfajiri.

Sasa ukurasa wa 10. Mtu anayesimulia maisha yake kwa mara ya kwanza huanza na "Nilizaliwa". Utoto hula kurasa tano au sita, ndoa mbili, mkahawa unafunguliwa ukurasa wa tisa, kisha kalamu inasimama. Inasimama kwa sababu kuanzia hapo siku zote zinafanana: chai, chapati, maharage, wali, mchuzi, kuosha vyombo, kufunga mlango. Mwandishi hajui aichukue siku gani aiache ipi, na msomaji naye hajui anasubiri nini. Nina hakika kubwa kwamba mianzo yako mitatu yote inafanana na hivi.

Ipo sababu ya pili, na hii huwapata sana watu wa kazi yako. Mkahawani unaagizwa. Mtu anaingia, anasema anachotaka, mkono unakwenda kabla ya akili. Karatasi haiagizi kitu. Ukikaa mbele yake bila ya agizo, baada ya robo saa utainuka ukapange vikombe. Basi jiwekee maagizo mwenyewe. Mwezi wa kwanza usiandike kitabu kabisa. Kata vikaratasi 30, kila kimoja uandike swali, uvitie katika kopo tupu la maziwa. Swali liwe la kujibiwa kwa tukio. "Kwa nini mkahawa ni muhimu kwa jamii?" halifai, litakutoa hotuba. "Siku ile soko zima halikuwa na samaki, tulipika nini, na nani alikasirika?" linafaa. "Nani wa kwanza nilimwambia sikuandikii tena, na alijibu nini?" linafaa zaidi. Kila siku chomoa kimoja, andika jibu lake tu, ukimaliza usisogee mbele. Kabla hujainuka, tia koponi swali jipya ambalo jibu la leo limelizaa. Vikaratasi 30 vikiisha utakuwa na kurasa kama 30 hadi 40 na kopo bado limejaa.

Kuhusu aina ya kitabu, ushauri wangu ni huu: usiandike maisha yote, na usianze na riwaya. Andika mwaka mmoja wa mkahawa, kutoka msimu mmoja wa karafuu hadi mwengine.

Unajua vyema kuliko mimi fedha ya Chake inavyokwenda. Msimu ukifunguka vituo vya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, vinanunua karafuu, wachumaji wanalipwa kwa pishi, wanawake waliokaa usiku kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo, yaani vikonyo vyake, wanapata chao, na mkahawa unapokea fedha taslimu. Madeni ya zamani yanakatwa mstari. Halafu majamvi ya kuanikia yanakunjwa, wachumaji wa kutoka mbali wanapanda meli bandari ya Mkoani, na daftari linaanza kunenepa upya. Baina ya misimu miwili kuna swali lililo wazi: je, mkahawa utafika msimu ujao bila ya kumnyima sahani mtu anayedaiwa? Swali hilo litamvuta msomaji kutoka ukurasa hadi ukurasa, na huna haja ya kubuni kitu. Hata msomaji wa Mwanza asiyewahi kuuona mkarafuu ataelewa, maana kukopesha na kukopa anakujua.

Mwaka gani? Usichague ule uliouza vizuri kuliko yote. Mwaka wa neema hauna mengi ya kusimulia. Tafuta mwaka ambao mambo mawili yaligongana. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kizungu, kwa hiyo katika miaka yako 26 imezunguka zaidi ya robo tatu ya kalenda. Kuanzia 2009 hadi 2013 iliangukia baina ya Julai na Septemba, kipindi ambacho mara nyingi mavuno makubwa ya karafuu ndiyo kwanza yanaanza. Yaani mjini kuna fedha, watu wana njaa ya kazi ya mashamba, na mkahawa umefunga mlango mchana. Ulifanya nini? Ulihamia kwenye futari tu? Wafanyakazi uliwalipa mwezi mzima au nusu? Wachumaji waliofunga walikuja kununua nini magharibi? Yafungue kwanza madaftari ya miaka hiyo mitano.

Tarehe zikikupotea, zifunge kwenye mambo ambayo kisiwa kizima kinayakumbuka. Waya wa umeme wa baharini kutoka Tanga ulifika Pemba mwaka 2010. Kabla yake tulitegemea majenereta. Jiulize friji, barafu na samaki wa kubakia vilikwendaje kabla ya waya na baada yake, na kumbukumbu nyingi zitajipanga zenyewe. Mwaka 2020 ni wa korona. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilizama meli ya Spice Islander I ikitoka Unguja kuja Pemba, siku chache baada ya Idi. Msiba huo ukiuandika, uandike kwa adabu na kwa mpaka: yale uliyoyaona wewe mkahawani tu, nani aliingia asubuhi ile, nani hakuingia tena, chai iliyopoa mezani. Ya baharini waachie waliokuwemo.

Hapa pana jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote katika kazi yako, nalo ni sitara. Daftari la madeni ni siri za watu. Mtu alikula kwako kwa deni mwezi mzima huku nyumbani kwake akidhaniwa ana kazi. Mwengine alikuwa analipa sahani mbili kila siku, ya pili ya mtoto asiyekuwa wake kwa jina. Ukiyachapa hayo Chake Chake itawajua kabla ya kufika ukurasa wa tano. Kubadilisha jina peke yake hakusitiri kitu katika mji ambao watu wanajuana kwa mwendo. Badilisha vitu vitatu kwa pamoja: jina, kazi na pahala anapotoka. Dereva wa gari ya abiria awe fundi cherehani; wa Wete awe wa Mkoani. Njia bora zaidi ni kuwaunganisha wateja wawili au watatu wakawa mtu mmoja, kisha mwanzoni mwa kitabu useme wazi kwamba umefanya hivyo, ili msomaji asidanganyike. Anayebaki kutambulikana hata hivyo, mwendee, msomee ukurasa wake, umuulize. Kama amefariki, waulize wanawe. Akikataa, toa. Utapoteza ukurasa mmoja, na kitabu kitaendelea kusimama. Kinyume chake ni kuvunja uaminifu wa miaka 26, na huenda ukaitwa kujibu madai ya kashfa, kwani kusema "ni kweli" hakumalizi kila kesi wala kila chuki.

Tuje kwenye namna ya kuandika. Linganisha vipande hivi viwili. Cha kwanza:

"Kazi ya mkahawa ilikuwa ngumu sana. Nikiamka alfajiri kila siku na kufanya kazi kwa bidii mpaka usiku."

Hakuna uongo ndani yake, lakini mvuvi angeweza kuandika hivyo hivyo, na dereva pia. Cha pili:

"Saa tisa na nusu nawasha majiko mawili. La chai nalitia mkaa mpya. La chapati nalilisha makaa yaliyobaki jana, maana moto mkali huunguza juu na ndani pakabaki unga mbichi. Kilo moja hutoa chapati 11. Zikitoka 12, mzee wa gari ya Wete ataiinua yake mbele ya taa aone kama inapitisha mwanga."

Kipande cha pili kina hesabu moja, sababu moja, na jicho la mtu mwengine linalotazama kazi yako. Jaribu kila tukio liwe na vitu hivyo vitatu. Hesabu humfanya msomaji aamini. Sababu humfundisha kitu asichokijua. Jicho la mtu wa pili ndilo linaloleta hadithi, kwa kuwa sasa kuna mtu anayeweza kuridhika au kuudhika. Maneno "ngumu", "bidii", "changamoto" na "mapenzi ya kazi" yapige mstari kila ukiyakuta, uweke pahala pake kitu kilichotokea.

Kuna mazoea ya mkahawa yatakayokusaidia na mengine yatakudhuru. La kwanza kukudhuru ni haraka: mwili wako umezoea kwamba kinachochelewa kinarudishwa. La pili ni kutaka kila mteja atoke ameridhika. Kitabu kinachomridhisha kila mtu wa Chake kitakuwa na watu wema watupu, na hakuna atakayekimaliza. Waruhusu watu wako wakosee, ukiwemo wewe. Andika ile siku uliyomtukana mhudumu mbele ya watu na ukakuta kosa lilikuwa lako. La tatu ni kuongeza maji mchuzi wateja wakizidi. Kwenye maandishi hilo hutokea pale sura inapokuwa fupi nawe ukaijaza mawaidha. Iache fupi.

Lugha yako isikutie hofu, itumie kwa mpango. Simulia kwa Kiswahili sanifu unachokiweza, ambacho hata hivyo msingi wake ni Kiunguja cha jirani zetu, na mazungumzo ya watu yaache kwa Kipemba chao. Mteja wa kutoka Konde akisema "ntu" na "nkate", muandike hivyo hivyo. Lakini amua mapema: neno likiandikwa kwa sauti ya Kipemba ndani ya mdomo wa mtu, liandikwe vile vile kitabu kizima. Chukua kurasa nne za mwisho za daftari lako, zigawe kwa herufi, kila neno unaloliandika kwa Kipemba ulitie humo mara ya kwanza tu unapolitumia. Mhariri atakushukuru. Ukikwama kwenye tahajia, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na lina kazi za lahaja pia. Kitu kimoja nakuomba: usiwafasirie watalii. Ukianza kueleza "mofa ni aina ya mkate" katika kitabu cha Kiswahili, umeshamgeuzia mgongo msomaji wako. Onesha mkate unavyobandikwa ukutani mwa tanuri na mkono unavyorudi haraka, asiyeujua ataujua.

Saa ya kuandika tayari unayo. Mwili wako utaendelea kuamka saa tisa na nusu kwa mwaka mzima au zaidi hata bila ya mkahawa. Usiupeleke kulala tena kwa nguvu. Kutoka kuamka hadi adhana ya alfajiri ni zaidi ya saa moja, nyumba kimya, simu kimya. Lengo liwe maneno 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Kwa hati ya kawaida ni kama ukurasa mmoja na nusu wa kaunta buku. Andika upande wa kulia tu, wa kushoto uache mtupu kwa masahihisho. Kwa mwendo huo maneno 40,000, ambayo ni kitabu kamili cha ukubwa wa wastani, yanahitaji vikao 134, yaani wiki 27, miezi sita na kidogo. Kaa dakika 40, simama, tembea mpaka uwani, rudi. Mgongo uliozoea kusimama huuma haraka ukikalishwa.

Kama mkono ni mzito, sema kwanza kwenye simu. Dakika 10 za kusimulia ni takriban maneno 1,000. Ila usiyachukue yote: maneno ya mdomo yamejaa "basi", "sasa", "si unajua", na kila jambo husemwa mara mbili. Ukinakili, bakisha kama theluthi moja. Kinachofaa kubaki ni pale sauti yako ilipobadilika, ulipocheka au uliposita.

Mapishi yaweke mbali na kitabu hiki. Wengi huchanganya, sura moja ya hadithi na moja ya pilau, na zote mbili huharibika. Mapishi ni kitabu cha pili, na kina taabu yake ambayo wapishi wa mkahawa hawaitarajii: kipimo cha sufuria kubwa hakigawanyiki. Ukichukua pilau ya kilo 20 ukagawa kwa 20, ya kilo moja itatoka kavu, kwa kuwa sufuria ndogo hupoteza maji mengi kwa uwiano wake kuliko kubwa. Chumvi na viungo navyo havifuati hesabu moja kwa moja. "Chumvi kiasi" na "nazi mbili" havisaidii, kwani kiasi ni cha mkono wako na nazi hazilingani. Sema vijiko na vikombe vya tui zito na jepesi. Pima kila kitu kwa mizani ukiwa unapika, kisha mpe karatasi mtu asiyejua kupika chakula hicho, akae peke yake jikoni, wewe usifungue mdomo. Kila anapouliza, karatasi ina kasoro. Rudia mara tatu kwa kila pishi. Ndiyo maana nakuambia kisubiri.

Mswada ukimalizika, ulaze wiki tatu bila ya kuugusa. Halafu usome kwa sauti, peke yako. Pale ulimi unapokwama, sentensi ni mbovu au ndefu. Mara nyingi utagundua kwamba kitabu kinaanza hasa ukurasa wa nane au wa kumi. Zile za mwanzo zilikuwa za kujipasha moto, zitoe bila ya huruma. Baada ya hapo tafuta wasomaji watatu, wasiwe wanao: mmoja aliyewahi kufanya kazi mkahawani, mmoja asiyeijua Pemba, na mmoja mwalimu wa Kiswahili. Usiwaulize "kizuri?" maana watakujibu kizuri. Wape penseli, waombe waweke alama pembeni kila walipochoka na kila walipotaka kujua zaidi. Alama mbili zikikutana pahala pamoja, hapo pana kazi.

Kwa kupiga taipu, kama hujui kompyuta, kubaliana na steshenari bei ya ukurasa kabla ya kuacha daftari, na usiache daftari asili, peleka nakala. Mwambie mpigaji azime usahihishaji wa Kiingereza katika programu, la sivyo itabadilisha maneno yako kimya kimya. Dai faili lenyewe, sio karatasi tu, ulitie kwenye flashi na ujitumie kwa barua pepe.

Kabla ya kitabu kizima kumpata mchapishaji, kata vipande viwili au vitatu vya maneno 700 hadi 800 vinavyojitegemea, uvipeleke kwenye gazeti, Zanzibar Leo kwa mfano. Sababu yake ni ya kiutendaji: mhariri akivikata utajifunza nini ni ziada, na mchapishaji akikuuliza umeandika wapi utakuwa na jibu. Tuzo nazo zitazame. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell hupokea miswada ambayo haijachapwa, na wasifu umekuwa miongoni mwa tanzu zake. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyoanza kutolewa 2023, hulenga kazi za kubuni, kwa hiyo hiyo ni ya siku utakapoandika riwaya. Soma tangazo la mwaka husika neno kwa neno: idadi ya maneno, muundo wa faili, tarehe ya mwisho. Miswada mingi huanguka hapo kabla ya kusomwa.

Wachapishaji wa Kiswahili walio wengi wako Dar es Salaam, Mkuki na Nyota na TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo. Peleka barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa kurasa mbili na sura mbili za mwanzo. Jibu huchukua miezi. Mchapishaji anayekubali kazi hulipia yeye uhariri na uchapaji, nawe hupata mrabaha, kwa kawaida asilimia 10 hivi. Akikutaka wewe ndiye utoe fedha, huyo ni mpiga chapa, na mzungumzie kama mpiga chapa. Hakimiliki ni yako tangu unapoandika. Kusajili kwa COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, hukupa ushahidi pakitokea ubishi.

Ukiamua kuchapa mwenyewe, hesabu ni hizi. Ukubwa wa A5, herufi za nukta 11, ukurasa mmoja hubeba maneno 300 hivi, kwa hiyo maneno 40,000 ni kurasa 133 au 134. Ongeza 8 za mwanzo, unafika 142. Mitambo mingi hukunja karatasi kwa kurasa 16, basi panga ziwe 144, yaani mikunjo tisa. Namba ya ISBN yenye tarakimu 13 hupatikana Tanzania kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba. Iombe kabla ya kuchora jalada, kwa sababu lazima ikae nyuma. Anza na nakala 100 kwa mashine ya dijitali. Bei ya nakala moja itakuwa juu kuliko ukichapa 1,000, lakini nakala 900 zilizolala stoo Pemba zitaliwa na unyevu ule ule uliokuwa unayala madaftari. Fedha hizo zisitoke kwenye mtaji wa binti yako.

Kabla ya kuruhusu 100, dai nakala moja ya majaribio, ukae nayo siku mbili na kalamu nyekundu. Makosa ya herufi yawe ya mwisho kutazamwa. Tangulia na majina. Fuata kila mtu uliyembadilisha kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, maana fundi cherehani wa sura ya pili hurudi kuwa dereva wa Wete, kwa jina lake la kweli, kwenye sura ya tisa, pale mkono ulipokuwa umechoka na kumbukumbu ikashika kalamu.